Umeme wa Nyuklia katika Gridi Ndogo: Mjadala wa Tanzania Ukitazamwa Kutoka Tunduma

Mjadala wa umeme wa nyuklia katika Afrika Mashariki umekuwa ukiendeshwa kwa kauli mbili zinazopishana bila kukutana. Upande mmoja husema kwamba nchi yenye urani ardhini haina sababu ya kuendelea kutegemea mvua, na upande wa pili hukumbusha Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011, kisha ukauliza ni nani atakayekubali kulea watoto jirani na kinu. Kauli zote mbili zina uzito, lakini zote huruka maswali ambayo, kwa nchi yenye mfumo mdogo wa umeme, ndiyo hasa yanayoamua jambo: ukubwa wa gridi itakayoupokea umeme huo, uhuru wa chombo kitakachousimamia, na nafasi ya wananchi kujua na kusema kabla mikataba haijatiwa saini. Maswali hayo yanaonekana waziwazi zaidi kutoka Mkoa wa Songwe, na hasa mji wa mpakani wa Tunduma, kuliko yanavyoonekana kutoka Dodoma au Dar es Salaam. Hoja si kwamba kinu kitajengwa Songwe. Hoja ni kwamba mkoa huo, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, tayari umo ndani ya mnyororo wa nyuklia kwa njia ambazo wakazi wake wengi hawajapata kuelezwa.

Tanzania si nchi ndogo kwa eneo wala kwa idadi ya watu, lakini kwa kipimo kinachohusika hapa, yaani kiasi cha umeme ambacho watumiaji wote kwa pamoja huvuta katika saa ya matumizi makubwa zaidi, bado ni nchi ndogo. Mwaka 2025 uwezo wa mitambo ya kuzalisha umeme nchini ulivuka megawati 4,000, baada ya kukamilika kwa mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 235 na yote kwa pamoja megawati 2,115, ilhali mahitaji ya juu yalikuwa yakikaribia megawati 2,000 tu. Nchi iliyozoea mgao wa umeme ilijikuta ina umeme unaozidi matumizi yake, na hata kabla mitambo yote haijakamilika, Machi 2024, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilieleza kuwa lilikuwa limezima baadhi ya vituo vya umeme wa maji kwa sababu uzalishaji ulipita mahitaji.

Hoja inayosikika zaidi kwa upande wa nyuklia ni ile ya madini. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, Wilaya ya Namtumbo mkoani Ruvuma, unaoendeshwa na kampuni ya Mantra Tanzania iliyo chini ya shirika la Urusi la Rosatom, na matarajio yaliyotangazwa ni uzalishaji wa kibiashara wa tani zipatazo 3,000 za urani kwa mwaka utakaoanza mwaka 2029. Kutokana na hapo ni rahisi kuhitimisha kwamba nchi inayochimba urani inapaswa pia kuzalisha umeme wake. Hitimisho hilo halisimami. Urani inayotoka mgodini ni unga wa manjano ambao hauwezi kuingizwa kinuni ulivyo, kwa kuwa ni asilimia 0.7 tu ya urani asilia iliyo ya aina ambayo kiini cha atomu yake hupasuka kwa urahisi na kutoa joto, na vinu vingi vinavyotumika duniani huhitaji kiwango hicho kipandishwe hadi kati ya asilimia 3 na 5. Kazi hiyo ya kupandisha kiwango, inayoitwa urutubishaji, hufanywa na nchi chache sana, na hufuatiwa na kazi nyingine ya kutengeneza vidonge na fito za fueli zinazolingana na kinu husika. Kwa hiyo hata Tanzania ikijenga kinu, urani ya Namtumbo italazimika kusafiri nje, kupita katika viwanda vya wengine, na kurudi ikiwa bidhaa ghali yenye masharti.

Hesabu nayo inaonyesha jambo hilohilo. Kinu kimoja cha megawati 1,000 hutumia takribani tani 200 za urani asilia kwa mwaka, maana yake tani 3,000 za Mkuju zingetosha kulisha vinu 15 vya ukubwa huo, na Tanzania haina, wala katika kizazi hiki haitakuwa na, pa kuviweka vinu 15. Mgodi huo ni wa kuuza nje kwa vyovyote vile. Namibia imechimba urani huko Rössing tangu 1976 na haijawahi kuwa na kinu cha umeme. Badala yake imekuwa ikinunua sehemu kubwa ya umeme wake kutoka nchi jirani, ikiwamo Afrika Kusini yenye kituo cha Koeberg, ambacho hadi sasa ndicho pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani Afrika. Korea Kusini, kinyume chake, ina vinu zaidi ya 20 na haina mgodi hata mmoja wa urani. Kuwa na madini na kuwa na umeme ni mambo mawili tofauti, na mwananchi anayeambiwa kwamba moja huleta lingine anastahili kupewa maelezo kamili zaidi.

Mnyororo wa nyuklia, hata hivyo, tayari unapita Songwe. Tunduma imekaa mahali ambapo barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA huvuka kuingia Zambia, na malori yanayopanga foleni pale, hata baada ya kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kuzinduliwa na marais wa nchi hizo mbili Oktoba 2019, hubeba sehemu kubwa ya shaba na kobalti inayokwenda bandari ya Dar es Salaam kutoka Zambia na kutoka Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katanga ndiko uliko mgodi wa Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mgodi huo ulifungwa zamani, lakini miamba haikubadilika: katika ukanda ule urani hukaa pamoja na shaba na kobalti, na Novemba 2018 kampuni ya Katanga Mining, iliyokuwa chini ya Glencore, ilitangaza kusimamisha kwa muda usafirishaji wa kobalti ya mgodi wa Kamoto, Kolwezi, baada ya kubainika kwamba ilikuwa na urani kwa kiwango kisichokubalika kupitishwa katika bandari kuu za Afrika. Mionzi ya kiwango hicho si ya kutia hofu kwa mtu anayepita kando ya lori, na kuikuza kungekuwa kuwatisha watu bure. Ila inathibitisha kwamba upimaji wa mionzi Tunduma ni kazi ya kila siku na wala si habari ya kinadharia.

Kazi hiyo ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003 kuchukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi iliyokuwapo tangu 1983. Tume huwa na watumishi katika mipaka mikuu, na kwa mfanyabiashara wa nafaka wa Tunduma jina lake halihusiani na vinu wala mabomu. Linahusiana na cheti kinachothibitisha kwamba chakula kinachoingia au kutoka nchini hakina mionzi kupita kiwango. Msingi wa utaratibu huo ni ajali ya Chernobyl, ambayo ilinyeshea mashamba na malisho ya nchi nyingi za Ulaya vumbi la mionzi na kuifanya dunia itambue kwamba maziwa na nafaka vinaweza kubeba madhara hayo hadi nchi isiyokuwa na kinu chochote. Wafanyabiashara, kwa upande wao, wamekuwa wakilalamikia tozo na muda wa kusubiri majibu, na malalamiko hayo yanafaa kusikilizwa kwa makini zaidi kuliko inavyofanyika, kwa sababu yanabeba ujumbe kuhusu mjadala mzima. Mtu anayelipia kipimo lakini hajawahi kuelezwa kipimo hicho hupima nini, wala kuonyeshwa matokeo kwa lugha anayoielewa, atakiona chombo cha usalama kuwa kizuizi kingine barabarani. Na siku chombo hichohicho kitakapomwambia kwamba kinu ni salama, hatakuwa na sababu ya kukiamini.

Ng'ambo ya Mto Songwe, katika Wilaya ya Karonga nchini Malawi, uko mgodi wa urani wa Kayelekera, ambao historia yake inaeleza vizuri jinsi biashara hii inavyoweza kuinua na kuangusha maisha ya watu walio mbali na maamuzi. Ulifunguliwa mwaka 2009 na kampuni ya Paladin ya Australia. Miaka miwili baadaye tetemeko na tsunami vikaharibu vinu vya Fukushima, Japani ikazima vinu vyake, bei ya urani duniani ikashuka, na mwaka 2014 mgodi ukasimamishwa. Umeanza tena uzalishaji mwaka 2025 chini ya kampuni nyingine, Lotus Resources, bei zilipopanda. Kwa zaidi ya miaka kumi, ajira na mapato ya wilaya moja ya Malawi viliamuliwa na tukio la pwani ya Japani, na wale wanaohesabu mapato ya Namtumbo kana kwamba yamekwisha kuingia hazina wangefanya vyema kuuangalia mfano huo ulio mlangoni pao.

Hoja ya pili, ambayo kwa uzito wake ingepaswa kuwa ya kwanza, ni ya gridi. Gridi ni mfumo unaopaswa kulingana kila sekunde: kiasi kinachozalishwa ni lazima kiwe sawa na kinachotumika, na mtambo mmoja mkubwa ukizimika ghafla, mingine ni lazima ijaze pengo papo hapo, la sivyo nchi nzima huingia gizani. Kwa sababu hiyo wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) wamekuwa wakishauri kwamba mtambo mmoja usizidi takribani sehemu ya kumi ya uwezo wa gridi. Kwa kipimo hicho, kinu cha kawaida cha megawati 1,000 kinahitaji gridi ya megawati 10,000, ilhali Tanzania mwaka 2025 ilikuwa ikikaribia 2,000 katika saa yake ya matumizi makubwa. Hata mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere, kwa megawati zake 235, tayari umevuka sehemu ya kumi ya mahitaji hayo, na ikumbukwe kwamba mitambo ya maji ina faida moja kubwa ambayo vinu vya nyuklia havina, yaani huweza kuongezwa na kupunguzwa kasi ndani ya dakika chache. Kinu pia hakikubali kuachwa bila umeme wa nje hata kikiwa kimezimwa, kwa kuwa fueli yake huendelea kutoa joto kwa muda mrefu na pampu za kupoza ni lazima ziendelee kuzunguka. Kilichoangamiza Fukushima ni kukosekana kwa umeme huo. Nchi ambayo gridi yake imewahi kuanguka yote kwa pamoja ina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili.

Kuna watakaojibu kwamba gridi itakua, na ni kweli inakua, lakini njia ya ukuaji wake ndiyo inayoonyesha mahali tatizo lilipo. Machi 2025 Rais alipoeleza kwamba Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, wananchi wengi walishangaa kwamba nchi iliyotoka tu kukamilisha bwawa kubwa inanunua umeme. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba umeme mwingi hupotea njiani unaposafirishwa umbali mrefu kwenye laini zilizopo. Songwe inalijua jambo hilo kwa uzoefu wake yenyewe, kwa kuwa iko ukingoni mwa gridi, na umeme unaofika mwisho wa laini ndefu huwa dhaifu. Ndiyo maana mradi wenye maana kubwa kuliko kinu chochote kwa mkoa huo ni laini ya msongo wa kilovoti 400 ya Iringa, Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, inayojulikana kwa kifupi kama TAZA, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 600 na kituo cha kupoza umeme cha Nkangamo katika Wilaya ya Momba, ambacho kinakusudiwa kuwa mahali pa kuvukia umeme kuelekea Zambia. Laini hiyo ikikamilika itaunganisha soko la umeme la Afrika Mashariki na lile la Kusini mwa Afrika, na hapo Tunduma itakuwa kiungo cha gridi mbili kubwa.

Uzito wa kiungo hicho ulionekana mwaka 2024, wakati ukame ulipokausha Bwawa la Kariba na Zambia, ambayo hupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutoka kwenye maji, ikaingia katika mgao wa saa nyingi kwa siku. Mji wa Nakonde wa Zambia unatenganishwa na Tunduma na mstari wa mpaka tu. Watetezi wa nyuklia hulitumia tukio hilo kwa haki kabisa: mabadiliko ya tabianchi yanaifanya mvua kuwa mshirika asiyetegemeka, na kinu hakisubiri masika. Zambia yenyewe ilitia saini makubaliano ya ushirikiano wa nyuklia na Urusi mwaka 2016. Lakini tukio hilohilo lina fundisho lingine lililo karibu zaidi, kwamba wakati Zambia ikiingia katika mgao Tanzania ilikuwa inazima mitambo, na kilichokosekana kati ya ziada ya nchi moja na upungufu wa nchi nyingine kilikuwa nyaya. Kabla ya kutumia fedha za kinu, ni busara kuuliza fedha hizo zingefanya nini katika nyaya, katika jotoardhi ya Ngozi na ya Songwe, katika bwawa la pamoja na Malawi kwenye Mto Songwe linalokadiriwa kutoa megawati 180, na katika umeme wa jua. Makaa ya mawe ya Kiwira na Kabulo wilayani Ileje nayo yapo, ingawa kuyachoma leo kuzalisha umeme ni kuongeza tatizo lilelile linalokausha mabwawa.

Fedha zenyewe si ndogo. Kituo cha El Dabaa nchini Misri, chenye vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja, kinajengwa kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25, na kile cha Rooppur nchini Bangladesh, chenye vinu viwili, kimegharimu zaidi ya dola bilioni 12, sehemu kubwa pia ikiwa mkopo wa Urusi. Wanaotambua kwamba kiasi hicho kinaizidi Tanzania hugeukia vinu vidogo, yaani vile vya chini ya megawati 300 vinavyokusudiwa kutengenezwa kiwandani vipande vipande na kuunganishwa mahali vinapotumika. Kwa gridi ya Tanzania, hilo ndilo wazo pekee la nyuklia linaloingia akilini, lakini mifano inayofanya kazi bado ni michache: Urusi ina kituo kinachoelea cha megawati 70 huko Pevek tangu 2020, na China ilianza matumizi ya kibiashara ya kinu cha Shidao Bay mwishoni mwa 2023, wakati huohuo mradi wa NuScale nchini Marekani ukifutwa kwa sababu gharama zilipanda kabla ujenzi haujaanza. Kinu cha Shidao Bay hupozwa kwa gesi ya heliamu, na hapa kuna jambo ambalo watu wa Songwe wangependa kulijua: heliamu inayotafutwa katika Bonde la Rukwa, ikiwamo kwenye visima vya Itumbula, ilizaliwa na urani na thoriamu zilizomo katika miamba ya kale, zikichakaa polepole kwa mamilioni ya miaka na kuiachia gesi hiyo.

Bonde hilohilo ndilo linaloweka mpaka wa kweli wa hoja ya usalama kwa upande huu wa nchi. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, kubwa kuliko mengine yote yaliyorekodiwa Afrika Mashariki katika karne ya 20, na Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko uliharibu nyumba Karonga. Songwe imekaa kati ya tawi la ufa la Rukwa na lile la Ziwa Nyasa, jirani na volkano ya Rungwe, na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, hivyo chochote kinachoingia ndani yake hubaki. Mtu anayetaja Nyanda za Juu Kusini kuwa mahali pafaapo kwa kinu, kwa sababu tu pana maji na baridi, hajaitazama ramani ya miamba. Kwa upande wa uchimbaji, hatari iliyo karibu zaidi iko Namtumbo, kwa sababu maji ya Mto Mkuju huenda Luwegu, na Luwegu huungana na Kilombero kuwa Rufiji juu ya Bwawa la Julius Nyerere. Maana yake mabaki ya kuchakata urani yakivuja, yatafuata njia ileile inayoelekea kwenye bwawa kubwa la umeme la taifa. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliridhia eneo la mgodi litolewe katika mipaka ya Pori la Akiba la Selous, lakini mpaka uliosogezwa kwenye karatasi hausogezi maji.

Yote haya yanarudi kwenye suala la nani anasimamia. Sheria ya 2003 inaipa TAEC majukumu mawili kwa pamoja: kudhibiti matumizi ya mionzi na kuhamasisha matumizi ya teknolojia ya nyuklia. Kwa nchi yenye mashine za eksirei na za kutibu saratani tu, mchanganyiko huo unaweza kuvumilika. Kwa nchi yenye mgodi wa urani, achilia mbali kinu, hauvumiliki. Japani ililipia kosa hilo kwa gharama kubwa, kwa kuwa kabla ya Fukushima mdhibiti wake alikuwa ndani ya wizara iliyokuwa ikiitangaza nyuklia, na mwaka 2012 ikalazimika kuunda chombo kipya kilicho huru. Kenya imekwisha kuvitenganisha vyombo hivyo viwili tangu 2019.

Kutenganisha vyombo hakutoshi, hata hivyo, kama wananchi wanabaki nje. Huko Uyombo, Kilifi, ambako Kenya ilikusudia kuweka kinu chake cha kwanza, wakazi waliandamana mwaka 2024 wakihofia uvuvi, msitu na ardhi yao, wakakabiliana na polisi, na Serikali baadaye ikageuza macho kuelekea Siaya. Afrika Kusini ilipata fundisho lake mahakamani: Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape ilibatilisha makubaliano ya nyuklia na Urusi na nchi nyingine kwa sababu Bunge na umma havikushirikishwa ipasavyo, na mpango mzima ukaporomoka. Katika kesi zote mbili watu hawakuulizwa mapema, na waliokuja kuulizwa baadaye walikuwa wamekwisha kukasirika.

Songwe ina mambo kadhaa yanayohitaji mwanga huo sasa, si mwaka 2040. Mradi wa madini adimu wa Ngualla katika Wilaya ya Songwe, uliopewa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023, unahusu aina ya mashapo ambayo duniani kote hupimwa thoriamu na urani. Yale ya Ngualla yanasifiwa kuwa na kiasi kidogo cha vyote viwili, na vijiji vinavyouzunguka mradi vina haki ya kuona vipimo hivyo vikirudiwa hadharani kila mwaka, kwa Kiswahili, na kwa mtu asiyelipwa na mwekezaji. Vipimo vya malori na vya chakula pale Tunduma vinaweza kutangazwa kila mwezi kwa utaratibu huohuo, kwenye ukuta wa kituo cha mpakani na katika redio za mkoa, pamoja na maelezo ya kiwango kinachokubalika na sababu yake. Marekebisho ya Sheria ya 2003, ya kumtenga mdhibiti na mhamasishaji, yanaweza kufikishwa bungeni bila kusubiri kinu wala fedha za mkopeshaji yeyote, na wabunge wa Momba, Mbozi, Ileje, Songwe na Tunduma, ambao wapiga kura wao wanaishi karibu na upimaji huo wa mionzi, wana sababu ya kuwa wa kwanza kuyadai.